Mbinya Amekalia Mikono

Mbinya alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mikono yake haikujua kutulia. Akiona nati imelegea, hata kwenye baiskeli ya mtu asiyemjua, vidole vilimwasha. Kwa hiyo chuo kilipomteua, yeye wa mwaka wa tatu, awe mlezi wa timu moja ya wanafunzi wapya wa uhandisi pale Kitui mjini, alijitafutia dawa. Aliketi kwenye benchi la karakana na kuikalia mikono yote miwili. Sheria ya walezi ilikuwa fupi: uliza, sikiliza, usiguse.

Timu yenyewe ilikuwa ya watu watatu. Musyimi wa Kyuso alikuwa na sauti iliyoishinda mota. Jonah alikubaliana na kila alichosema Musyimi. Na Gakenia, ambaye wazazi wake wana duka la nafaka pale Salama, alishika tepu ya kupimia. Hakuna aliyempa kazi hiyo, ila siku ya kwanza alikuwa ameishika, basi ikawa yake.

Walikuwa wakiunda mashine ndogo ya kupepeta ndengu. Mwanzoni ndengu na makapi vilianguka pamoja. Musyimi akaongeza nguvu ya feni, vikarushwa pamoja hadi dirishani. Mbinya alikuwa ameliona kosa zamani: ndengu zilimiminika kwa fungu nene, upepo ukakosa pa kupita. Akanyamaza, akajisifu moyoni kwa kunyamaza.

Alhamisi, Gakenia alimkuta bombani akinawa uso.

"Kesho tukishamwonyesha lecha hii mashine, mimi naenda Salama na sirudi," Gakenia alisema. "Afadhali nimsaidie mathe kwa duka. Hapa mimi ni wa kushika tepu tu. Na wewe umeona, lakini umenyamaza tu."

Maneno hayo yalimchoma Mbinya. Angeweza kuingia karakanani saa hiyo hiyo na kuitengeneza mashine hata kabla chai haijapoa. Ingefanya kazi, timu ingepita, na Gakenia angeondoka vilevile.

Alirudi kwenye benchi lake, akaikalia mikono. Jua la alasiri liliingia kwa mshazari, na makapi yakaelea ndani ya mwanga ule bila haraka, kana kwamba hayakuwa na mahali pa kwenda. Mota iliunguruma. Mbinya aliyatazama makapi mpaka karakana ikaanza kumtoroka, na mahali pake ukaja mteremko wa nyumbani, Migwani, wenye udongo mwekundu na akina mama wa mwethya, wale wanaochimba shamba la mmoja leo na la mwenzake kesho. Majembe yalipanda na kushuka. Pembeni, kitenge kikipepea, alitembea mama yake, Kalunde, akiimba. Jembe hakuwa nalo. Utotoni jambo hilo lilimtia Mbinya aibu kubwa.

"Mwaitu, mbona wewe huchimbi?" alimuuliza siku moja.

"Nikiinama nichimbe," mama yake alijibu, "nitamwona saa ngapi aliyechoka?"

Na akishamwona, alilitia jina lake ndani ya wimbo. Hakumkemea. Alilitaja jina tu, kwa upole, na majembe yote yakapunguza mwendo kumngojea yule mmoja, mpaka yakaanguka ardhini pamoja.

Hapo Mbinya akazinduka. Kumbe kazi ya mama yake alikuwa amejifunza nusu tu, ile ya kutoshika jembe! Kuimba alikuwa amekusahau kabisa. Alisikia haya zikimpanda hadi masikioni.

"Gakenia," aliita.

Mota ilizimwa. Wote watatu wakageuka.

"Gakenia, kama hii mashine ingekuwa yako peke yako, ungeanzia wapi?"

Musyimi alifungua mdomo. Mbinya alimtazama tu, naye, ajabu ya mwaka, akaufunga. Gakenia aliiweka tepu mezani polepole. Akachota ndengu kwa mkebe, akazinyunyiza mbele ya feni kidogo kidogo. Makapi yakaenda zake. Ndengu zikaanguka chini, tii, tii, tii.

"Zinamwagika nyingi sana," alisema. "Tuweke kamlango hapa, tukafungue kidogo tu."

"Nikate bati?" Jonah aliuliza, na kwa mara ya kwanza hakuwa akimuuliza Musyimi.

"Kata. Musyimi, wewe shika tepu."

Musyimi akaishika.

Ijumaa lecha, mhadhiri wao, aliinama juu ya mashine kwa muda mrefu. Ndengu zilitoka safi, ila si zote. Aliokota makapi machache, akayaviringisha kwenye vidole.

"Na haya yaliyobaki, je?"

Musyimi alivuta pumzi ya kujibu. Kisha akaitoa, akamgeukia Gakenia.

"Hayo tutayatoa Jumatatu," Gakenia alisema.

Walikubaliwa waendelee, na lecha alisema mengine mengi, ya kusifu na ya kukosoa. Mbinya, kule nyuma kwenye benchi, hakuyasikia. Alikuwa amebaki na lile neno moja, Jumatatu. Machozi yakamtoka. Alitaka kuyafuta, lakini mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaliwa, ikabidi ajifute kwa bega.