Nilipeleka sinema ya muuaji ukweni, mama mkwe akaimaliza akiwa jikoni

Wakuu, salamu kwenu. Hii ni kweli tupu, anayebisha aende Kosele aulize.

Bibi yangu alikuwa amerudi kwao Kosele baada ya sisi kukosana. Nikatoka Migori kumfuata.

Baba mkwe ni mzee mkali lakini anapenda sinema, basi nikabeba flash yenye classic moja ya suspense, black and white, ili tusiongee sana.

Inahusu nini? Mwanaume aliyeua bibi yake. Ndiyo wakuu, kati ya sinema zote duniani nilichagua hiyo. Akili nyingi huondoa maarifa.

Na ni tamu kweli, sidanganyi. Hakuna damu, hakuna mtu anaruka kutoka gorofani. Ni kivuli cha kofia ukutani, mlango unafunguka polepole, na wewe mate yamekauka. Director anamficha muuaji hadi mwisho kabisa. Mimi mara ya kwanza kuiona sikumjua.

Sasa, kwa mila zetu mama mkwe hawezi kukaa chumba kimoja na mimi. Alikuwa jikoni, anasikia sauti tu.

"Nani amekufa?" akaita.

"Bibi ya mzungu fulani," mzee akajibu. "Wako kwa mazishi."

"Bwana yake amefika?"

"Amefika."

"Na mbona sisikii nduru?"

"Halii. Amesimama tu na mwavuli."

"Basi ni yeye ameua. Ugali iko tayari."

Hatukuwa tumefika hata nusu. Pole sana, director.

Mzee akazima TV, akaniangalia kutoka kichwa hadi viatu.

"Kwa hivyo unakuja kuchukua msichana yangu na sinema ya kuua bibi?"

Niliogopa, wakuu. Nilijiona nikirudi Migori peke yangu.

Hapo bibi yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na ambaye hakuwa amenisemesha tangu nifike, akaangua kicheko mpaka akashika ukuta.

"Baba, huyu aue nani? Hata kuku hawezi kuchinja! Wageni wakikuja ni mimi nashika kisu, yeye anaenda nyuma ya nyumba anaziba masikio."

Jikoni nako kukachekwa. Mzee akafuta machozi ya kicheko, akamwambia bintiye afunge nguo zake. Heshima yangu ilibaki Kosele, lakini bibi nilirudi naye.

Funzo: ukweni peleka sukari na majani ya chai. Na kama wewe ni mwoga, utunze huo uoga vizuri, siku moja utakurudishia bibi.

Wanaume kamili wa humu, uwanja ni wenu, nichekeni.