Mlimau wa Kitovu Changu

Mlimau wetu wa uani ulipoanza kugeuka manjano, hakuna aliyeutazama mti. Walinitazama mimi.

Kitovu changu kilizikwa chini yake, na bibi, mama yake baba, aliamini kwamba mti ule na mimi ni roho moja. Jani likianguka, naguswa paji la uso. Nikikohoa kwa vumbi la Tabora, naletewa uji wa pilipili manga. "Mume wangu, umeamkaje?" ananiuliza, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, huku macho yake yako matawini. Nilikuwa buheri wa afya, lakini mtu akiambiwa kila siku kwamba anaumwa, ataumwa tu. Chakula kikanishinda. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kumuuliza mtu.

Bibi akanifunga hirizi mkononi kwa uzi mweusi, akaukaza sana nisije nikaiangusha mpirani.

Baba, fundi cherehani, alisema ni mchwa. Tukamwaga majivu shinani, ingawa mchwa hatukumwona hata mmoja. Mama akasema ni kiu. Tukachota maji kisimani mpaka mabega yakauma, na majani yakazidi kupukutika. Bwana shamba naye alikuwa Goweko, kwenye vijiji vipya vya Ujamaa, anahangaika na tumbaku. Nani angemtoa huko kwa ajili ya mlimau mmoja?

Basi nikaanza kuupapasa mwenyewe kila asubuhi kabla ya shule, kama bibi alivyonipapasa mimi. Siku moja vidole vyangu vikakuta, chini karibu na ardhi, mahali palipobonyea kulizunguka shina lote. Juu yake gome lilikuwa limevimba, chini yake limesinyaa. Nikachokonoa kwa ukucha, kitu kikang'aa.

"Baba! Kuna waya!"

Baba akaja na koleo la kukatia waya, akapiga magoti. Bibi akatoka jikoni, akaona, akashika kichwa. Waya ule wa shaba ulikuwa wake. Aliufunga nilipozaliwa, ukiwa na hirizi ya kuulinda mche, na mche wenyewe wakati huo ulikuwa mwembamba kama kidole. Hirizi ilikwisha kuoza. Waya ulibaki, mti ukanenepa, gome likaumeza.

"Kikulacho..." mama alianza, akameza yaliyobaki.

"Ukiukata, umemwacha mtoto bila kinga," bibi alimwambia baba.

"Mama, kinga yenyewe ndiyo inayounyonga mti."

Sikujua kipi kingeniua, waya kubaki au waya kukatwa. Mwishowe bibi alinyoosha mkono, akalichukua koleo kutoka kwa mwanawe.

"Nilifunga kijiti," alisema. "Nilisahau kwamba nilikuwa nakiombea kikue."

Akaukata mwenyewe, akauchomoa kipande kwa kipande, anasoma dua huku machozi yanamtoka. Alipomaliza, akaniita. "Lete mkono, mume wangu." Chini ya uzi, ngozi yangu ilikuwa imeingia ndani. Akaufungua, akaufunga tena, safari hii ukiwa umelegea.

Tulikaa na hofu yetu hadi mvua za kwanza. Machipukizi yalipotokeza nilimkimbilia bibi, nikipiga kelele. Hakwenda uani. Aliushika kwanza mkono wangu, akapitisha kidole chake chini ya uzi. Kilipopita, ndipo akaenda kuutazama mti.