Mnyama Aliyelala Kwenye Avenyu Yetu

Niliruka ndani ya shimo, mimi mama mzima, mwimbaji wa kwaya, katikati ya avenyu yetu hapa Likasi, mchana kweupe, nikakaa chini kwenye udongo mwekundu, nikakumbatia magoti yangu na kutangaza mbele ya watu wote kwamba anayetaka kuendelea kuchimba aanze kwa kunichimba mimi. Nilikuwa nimejaa chokaa mpaka kwenye kope, na watu walikuwa wamelizunguka shimo kama wanaangalia mechi. Aibu yake bado ninayo. Hata leo nikienda sokoni kununua majani ya sombe kuna mama mmoja ananiita, "Mama wa ku shimo, habari?" na mimi namjibu ni nzuri, nifanye nini.

Lakini hasira yangu ilikuwa na haki. Ngoja niwaeleze, mtaamua wenyewe.

Binti yangu Plamedi ana miaka tisa. Mwezi ule aliingia kwenye defi ya kuchora, ndivyo walivyoiita kwenye kikundi cha simu ambacho dada yangu wa Lubumbashi alituingiza: mwezi mzima, kila siku mnyama mmoja wa zamani, wale walioishi kabla ya watu, unamchora, unampiga picha, unamtuma kabla siku haijaisha, na ukiruka siku moja umetoka. Mwanzoni nilisema ni mambo ya watu wasio na kazi. (Nilisema vibaya kuliko hivyo, lakini haya yatasomwa na watu.) Halafu jioni moja Plamedi akaniletea kereng'ende mwenye mabawa mapana kama ungo wa kupepetea, na kesho yake mnyama mvivu ambaye akisimama kwa miguu miwili angechungulia juu ya bati la nyumba yetu, na mimi nikasahau bukari, ugali wetu, kwenye moto ikaungua, nimekaa tu na karatasi ile mkononi.

"Huyu alikuwa wa kweli?" nikamuuliza.

"Wa kweli, mama. Haiko hadisi. Balipata mifupa."

Tangu siku ile mimi ndiye niliyekuwa namwamsha kuuliza leo ni nani. Nilikuwa napika nikiwaza dunia hii hii, mvua hizi hizi, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwita mwenzake aje aone.

Siku ya mwisho ilikuwa ya dipulodokusi, mwenye shingo ndefu na mkia mrefu zaidi. Plamedi alimchora mapema, Ijumaa jioni, vizuri kabisa kwenye ukurasa wa daftari, mpaka mikunjo ya magoti. Sasa jirani yetu Mama Kapinga, shemasi wa kanisa, mtu wa maombi lakini mdomo wake haujaokoka, akapita kuomba moto wa mbabula, jiko lake la makaa, akaiangalia karatasi, akasema, "Haa! Kamujusi kazuri."

Mtoto hakulia. Ingekuwa afadhali alie. Aliigeuza karatasi uso chini, akasema, "Mama, ku karatasi haonekane. Kila muntu ataona mujusi tu. Hii siitume."

Mwezi mzima hajaruka siku, halafu siku ya mwisho ndiyo aiache kwa sababu ya mdomo wa Mama Kapinga? Damu ikanichemka. Nikamwambia, "Basi tutamuchora vile alikuwa." Ni neno hilo moja tu lililonifikisha shimoni.

Tulikuwa na mfuko wa chokaa ya Kakontwe uliobaki tulipopaka ukuta. Baba Plamedi, ambaye anachimba madini Kambove na kurudi nyumbani mwisho wa wiki akipata nafasi, aliacha kamba yake yenye mafundo, kila fundo mita moja. Kikundi kilikuwa kimetoa vipimo. Jumamosi, siku yenyewe ya mwisho, asubuhi mapema, Mama Kapinga akiwa kwenye maombi na watu wengine bado wanafunga vitenge, tukaanza kumlaza mnyama ubavu kwenye avenyu. Sikumwambia mtu, nilitaka Mama Kapinga akirudi amkute amelala pale, aone mjusi. Mimi nashika kamba, Plamedi anamwaga chokaa. Tukaanzia mbele ya mlango wetu. Viwanja vyetu, parseli, vimekatwakatwa vyembamba, ni kweli, lakini tulipita kiwanja chetu, tukapita cha Mama Kapinga, tukaingia kwa jirani wa tatu, mgongo unaniuma, nikauliza, "Sasa tunafika ku kichwa?"

"Mama," akasema, na yeye mwenyewe sauti imekuwa ndogo, "tungali ku mukia."

Nikasimama. Sijui niwaambieje. Nimezaliwa avenyu hii, najua kila jiwe lake, na asubuhi ile niliiona kama haitoshi. Ubavu ulipoanza kupanuka, baada ya jirani wa tatu, ulijaza barabara kutoka mfereji mpaka mfereji, na shingo ikaendelea, ikaendelea, ikaishia kwenye nguzo ya umeme, na pale mwisho kabisa kichwa kidogo, kama cha farasi wa kwenye picha. Mtu mwenye mwili ule wote na kichwa kile! Tulisimama mimi na binti yangu tukimwangalia.

Simu ya kumpigia picha ilikuwa haina moto. Umeme ulikatika tangu jana yake. Nikavaa wigi langu haraka juu ya misuko niliyokuwa nimeifumua nusu (mnajua wenyewe, sokoni huwezi kwenda hivyo), tukaenda mbio mpaka kwa kijana anayechaji simu kwa sola pale sokoni, tukakaa pale tukisubiri.

Hapo ndipo Shefu wa avenyu, kiongozi wa mtaa wetu, alipopita kule nyumbani.

Sasa ninyi msiokaa huku, eleweni. Mstari mweupe chini, kwetu, si mchezo. Kampuni ikijua kuna shaba chini ya nyumba za watu, wanatangulia wafanyakazi wake kuvuta mistari, halafu zinafuata mashini, halafu unaambiwa hama. Na kila mtu amesikia habari za mtu aliyechimba choo akakuta mawe ya madini, mtaa mzima ukachimba chini ya vitanda vyake. Shefu aliona mstari wa chokaa unapita mbele ya milango ya watu wake, unapanda, unashuka, unajikunja. Hakugonga mlango wowote kuuliza. Aliita wachimbaji waliokuwa wamepumzika, akiwemo Sansusi, kijana anayejulikana kwa kuteremka mahali wenzake wanaogopa, akawagawia mnyama wangu: huyu mkia, yule paja, na tumbo, palipo pana, akajiwekea mwenyewe.

Tuliporudi na simu imejaa moto, mapiki ya wachimbaji yanalia kwenye udongo.

Plamedi akanishika mkono. "Mama, banamupasua."

Nikakimbia. "Papa Shefu! Munafanya nini?"

"Tulia, Mama Plamedi. Kompani ilipita asubuyi kuweka alama. Ile mustari ndiyo njia ya mawe. Tunaingia mbele yao."

"Ile mustari ni mukongo ya nyama! Ni miye nilichora!" (Nyama kwetu ni mnyama, si ile ya kupika.)

"Weye?" Akaniangalia kutoka kwenye viatu mpaka kwenye wigi. "Muntu gani wa akili anachora nyama ya kupita parseli za bantu?"

"Anatukimbiza," Sansusi akasema kutoka shimoni, bila kuacha kuchimba. "Tukitoka, anaita bwana yake ashuke. Iko mujanja, huyu mama!"

"Eee, mujanja sana!" watu wakaitikia, na Mama Kapinga, ambaye sasa alikuwa amerudi kutoka maombi, akaongeza kwamba ndiyo maana nilikuwa nimejaa chokaa, nilikuwa nafuta alama za kampuni ili watu wasizione.

Nikaona beshe la Shefu, koleo lake, linapita kwenye ubavu, palepale Plamedi alipopiga magoti asubuhi kunyoosha mstari. Ndipo nikaruka.

Niliruka vizuri. Wigi ndilo halikuruka na mimi. Lilipepea kivyake, likaanguka shimo la pili, ambako Sansusi alikuwa ameinama haoni kitu, akapiga beshe, akainua udongo, na juu ya udongo manywele.

"Kuko manywele!" Kijana huyu asiyeogopa kitu alitoka shimoni kama ametupwa. "Papa Shefu! Kuko kintu ya manywele muchini!"

"Damu ya Yesu!" Mama Kapinga akapiga kelele, na avenyu nzima ikakimbia, ndoo zinaanguka, watu wanakanyagana, na wakati huohuo kwaya yangu, kwaya yangu mwenyewe, inatoka mazoezini inakuja upande wetu, inanikuta nimekaa shimoni, uso mweupe, kichwa nusu misuko nusu msitu.

Aliyebaki ni Plamedi peke yake. Alisimama kwenye ukingo wa shimo, akawaambia waliokuwa wanakimbia, kwa sauti ya mwalimu, "Dipulodokusi hakukuwa na manywele. Ile ni ya mama."

Walicheka, ndugu zangu. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Sansusi akaliokota wigi kwa ncha ya beshe, akalikung'uta, akanipa kwa mikono miwili kama sahani ya mgeni. "Pole, mama. Kwa hiyo ni kweli ni nyama?"

"Ni nyama," Plamedi akamjibu. "Hapa umechimba paja yake."

"Na kichwa?"

Plamedi akanyoosha kidole, kule mbali kwenye nguzo ya umeme. Sansusi akageuka. Alitazama paja, akatazama nguzo, akatazama tena paja. Kicheko kikamtoka usoni polepole. Akavua kofia, akaanza kutembea kando ya mstari, kutoka ncha ya mkia, bila kuukanyaga, na watu wakaanza kumfuata mmoja mmoja, na kelele zikapungua, mpaka nikawa nasikia kandambili tu.

"Miye nachimbaka tangu utoto," akasema alipofika shingoni. "Kama huyu alitembea hapa juu, udongo ulivumilia namna gani?"

Mahali chokaa ilipofutika, watu wakasimama wenyewe kujaza mstari. Sikuwaomba. Kwaya ilijaza tumbo, Mama Kapinga akajaza goti, na hakusema neno la mjusi. Lori la makaa lilikuwa limezuiwa na mashimo, dereva akatupandisha juu ya mifuko mimi na Plamedi. Kutoka kule juu nilimwona mzima, amelala kati ya nyumba zetu, watu ni wadogo kwenye ngozi yake kama chawa. Machozi yakanitoka na sikuwa na huzuni yoyote.

Ila kichwa hakikuwepo. Udongo wote wa tumboni Shefu alikuwa ameumwaga kwa ndoo kule nguzoni, juu yake, na alikuwa amesimama juu ya chungu ile, mikono kiunoni, akiapa kwamba madini yapo na hatoki. Plamedi akasubiri, akasubiri, jua linashuka, akapiga picha hivyohivyo. Ndivyo ilivyotumwa na kupokelewa, mwezi mzima umetimia: dipulodokusi wa Likasi ana kichwa cha Shefu.

Shefu aliposikia watu wanamcheka alisema mashimo atayafukia aliyechora, na kwamba ataniandikia kosa la kuharibu barabara. Mimi! Jumatatu asubuhi nikavaa kitenge cha kanisa, nikamshika Plamedi mkono, nikaenda biro ya kartie, ofisi ya mtaa, kabla yake.

"Mnyama aliyechimbwa ni wako?" karani akauliza.

"Si wangu. Alikufa kabla ya watu kuwepo."

"Basi aliyeumizwa ni nani?"

Nikamsukuma Plamedi mbele. Karani akamwangalia, akaandika jina lake. Akauliza ukubwa wa mali iliyoharibiwa. Plamedi akamwambia. Kalamu ikasimama, karani akatazama ukuta wa huku, akatazama ukuta wa kule, akatoka nje kuangalia biro ilipoishia, akarudi akakaa taratibu.

"Sema unaomba nini," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nikamwambia aandike hivi, akaandika, akanisomea, nikatia sahihi:

"Mlalamikaji haombi faini. Anaomba Shefu wa avenyu afukie mashimo yote kwa mikono yake mwenyewe, bila msaidizi, akipita urefu wote wa mnyama, ili ajue alichokuwa anakichimba. Mlalamikaji naye anaahidi kwamba hatachora tena mnyama yeyote anayezidi kiwanja chake bila kwanza kugonga kila mlango atakaopita, na kumwambia mwenye nyumba jina la mnyama."