Mtumbwi wa Mto Mfu

Najua utakalosema, kwa sababu hata mimi ningelisema. Nimesoma mpaka chuo kikuu, na kwa miaka mingi nimejipatia riziki kwa kuandika makala za kuwatania watu wanaoona mizuka. Basi nicheke, zamu yangu imefika. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu haya yenye miwani, na suruali niliyovaa siku ile ninayo mpaka leo.

Labda ungependa yawe yametokea usiku wa manane, bundi akilia. Pole. Ilikuwa alasiri, jua linawaka, nami nina njaa.

Kijiji cha shangazi yangu Rehema kiko chini ya Garsen, mahali ambapo Mto Tana ulipita nilipokuwa mtoto. Mto wetu huu una tabia ya kuhama. Hulala hapa ukaamkia kule. Nilipokuwa chuoni ulijikatia njia nyingine, mbali upande wa mashariki, ukaiacha njia yake ya zamani ikiwa mchanga na vichaka. Watu wakaiita Mto Mfu. Shangazi akabaki pale pale ukingoni, na migomba yake, na kaburi la mumewe nyuma ya jiko.

Msimu ule mvua zilinyesha bila huruma huko bara. Redio zilionya. Chifu alipita kijiji hadi kijiji na kipaza sauti, akiwataka watu wahamie mwinukoni. Majirani wakahama. Shangazi akakataa. Binti yake aliyeolewa Tarasaa akamsihi, akakataa. Mchungaji akaja kumwombea, akaitikia amina, halafu akakataa. Ndipo ukoo ukaamua nitumwe mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno mengi.

"Mwanangu," aliniambia kwa simu, "mafuriko hufuata mto. Mto uko kule. Huu wangu ulikufa, na maiti haiamki."

Unaona hoja hiyo? Nilisafiri kutwa nzima nikiitafutia jibu.

Pikipiki iliyonitoa Garsen ilishindwa na tope, ikaniacha njiani. Nikashika kijia nilichokuwa nikipita nikienda shule. Miguu haisahau. Nikapenya vichakani, nikatokea ukingoni, na mbele yangu kulikuwa na maji.

Maji mapana, mekundu kwa tope, yakienda taratibu. Niamini, sikuona ajabu yoyote. Niliingiwa na hofu ya kawaida tu: kumbe mafuriko yameshafika, na shangazi yuko ng'ambo peke yake. Wewe ungewaza nini? Nikakinga mdomo kwa viganja, nikaita kama tulivyokuwa tukiita zamani: "Mwenye chombo, ee! Nivushe!"

Mtumbwi ukaja. Mzee mwembamba alisimama nyuma akiusukuma kwa upondo, kofia ya ukindu imemfunika uso. Hakunisalimu. Alinitupia kata ya kibuyu.

"Chota, mwana wa shule."

Kwetu abiria asiyeshika upondo huchota maji yanayoingia mtumbwini. Ndiyo adabu, uwe waziri uwe nani. Na mtumbwi ule ulivuja kama pakacha. Nikachuchumaa, kitambi juu ya magoti, nikachota na kumwaga, nikachota na kumwaga.

"Tumbo limekua," akasema. "Na akili?"

Nikacheka. Kijijini kila mtu anakujua. Sikuona haja ya kuuliza.

Tulipofika katikati aligonga ubavu wa mtumbwi kwa upondo: ko, ko. Ndivyo wavushaji wa zamani walivyowaomba viboko njia. Baada ya kugonga kule kukatulia. Mto una kimya chake, nimekulia ndani yake: kina mbu, kina samaki, kina majani. Hiki hakikuwa na kitu. Ng'ambo niliona ng'ombe wameteremka kunywa, wamejipanga ukingo mzima, wala sikusikia hata mmoja akinyonya maji. Vinyweleo vya mikononi vikanisimama. Sikuogopa. Nilijisikia kama mtu aliyeingia mahali patakatifu na viatu vyake, akakumbuka katikati ya safari.

"Mwambie mwenye nyumba narudi kwenye njia yangu," mzee akasema. "Asikae njiani."

Nilishuka, maji yakanifika magotini. Ningependa kukuambia kwamba niligeuka na kumwona akitoweka. Sikugeuka. Nilikuwa nimesikia harufu ya samaki wa kukaanga.

Shangazi alikuwa uani akipepeta mpunga. "Karibu, baba. Umelowa wapi?"

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Huu wako. Umejaa, shangazi. Nimevushwa na mzee mmoja."

Akauweka ungo chini. Akaitazama suruali yangu iliyokuwa ikidondosha maji mekundu. "Mimi nimetoka kuokota kuni humo sasa hivi," akasema.

Tukaenda kutazama. Mchanga. Vichaka, mavi ya ng'ombe, upepo ukipeperusha vumbi. Na kule chini alisimama Godana, mfugaji wa Kiorma aliyezoea kupitisha mifugo yake pale. Alikuwa amemshika punda wake kwa nguvu, na hakutaka kunikaribia.

"Godana! Umemwona mwanangu akivuka?"

"Mimi naona, mama. Yeye nakaa chini, nachota mchanga, natupa. Nakaa, lakini naenda! Mguu haitembei. Mimi nasema, huyu mtu ya Nairobi nagonjwa."

"Alikuwa na nani?"

"Peke yake." Akamvuta punda nyuma. "Halafu ng'ombe yangu yote nashuka, naweka mdomo kwa mchanga, nakunywa. Mama, wallahi, angalia tumbo."

Tukaangalia. Ng'ombe walikuwa wamejaa maji, matumbo yametanuka, midomo bado inadondosha.

Shangazi hakupiga kelele. Aliniuliza mzee alisema nini, nikamweleza yote: mwana wa shule, ko ko, na ujumbe.

"Komora," akasema.

Hapo ndipo sauti ile ilipopata uso. Komora alikuwa mvushaji wetu. Ndiye aliyenivusha kila asubuhi kwenda shule, na hakuna mwingine aliyeniita vile. Mto ulipohama alikataa kuufuata. Kila kukicha alikwenda kuketi ndani ya mtumbwi wake mchangani, na ndimo alimokutwa amefariki. Tulikuwa tumemzika zamani.

"Chifu nilimkatalia," shangazi akasema. "Wewe nawe nilikuwa nimekuandalia la kukukatalia. Lakini Komora hajawahi kunidanganya kuhusu maji."

Alifunga mbegu za mpunga, sufuria na kuku. Godana akatupakilia mizigo kwenye punda wake, akiniacha nitangulie mbali. Shangazi alisimama kidogo kaburini kwa mumewe. "Wewe unajua kuogelea," akamwambia, akafuta macho kwa pembe ya leso, tukaondoka.

Alfajiri tulikuwa mwinukoni. Kwanza tulisikia ngurumo ya chini, kama lori lisilofika. Kisha mto ukaja. Sikuona mafuriko ya kutapakaa ovyo. Niliona mto mzima ukiingia kitandani mwake, kona kwa kona, kama mwenye nyumba anayetembea gizani bila kugonga kiti. Ulipita juu ya migomba, juu ya jiko, juu ya kaburi.

Haujahama tena. Shangazi amejenga huku juu, analima mpunga, na chifu anaponisifu kwa ufasaha wangu yeye hutazama pembeni akicheka. Suruali nimeifua mara nyingi. Wekundu umegoma magotini. Makala za mizuka nimeacha kuandika. Godana hunisalimu, lakini mkono hanipi. Na kila nikivuka mto wowote, hata mtumbwi uwe mkavu kama kabati, mimi huomba kata. Abiria hunicheka. Nawaacha.

Wewe nawe, ukipita huko kwetu ukakuta maji mahali ulipoambiwa pana mchanga, na mzee asiyesalimu akakutupia kata, usimuulize jina. Chota. Ukifika ng'ambo, kabla hujauliza chakula, mwambie mwenye nyumba afunge mizigo.