Sauti ya Mama na Ngazi za Wayunani

Sikuondoka mtaani kwetu Shika Adabu kwa hamu ya kutembea. Niliondoka kwa hasira. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianza nyimbo za vugo kwenye harusi za Likoni tangu mimi sijazaliwa: yeye huanza, wanawake wakaitikia huku wakigonga pembe. Sasa sauti ilikuwa imepungua. Bi Rukia, shoga yake wa tangu utotoni, akasema mbele ya kundi zima kwamba kwenye harusi ya mjukuu wake, Mama ama aimbe kwa spika, ama aanze mwingine. Mama akajibu kwamba siku atakayoimba kwenye chuma, wamhesabu amekufa. Nilifungua kinywa nimjibu Bi Rukia, Mama akanifinya paja.

Wiki hiyohiyo Bibi Eleni, mjane wa Kigiriki niliyempikia miaka mingi huko Magongo, akaniomba nimsindikize kwao akaone nduguze. Magoti yamemshinda, peke yake hawezi. Mama akasema nenda, utarudi umepoa.

Asubuhi ya safari nilimkuta Bibi Eleni amekalia sanduku lake, ndani amejaza achari ya embe na pilipili, kwa kuwa chakula cha kwao, alisema, hakina ukali. Ni mwanamke anayetukana kwa Kiswahili na kuomba dua kwa Kigiriki. Tulipanda ndege, na njia nzima alinishika mkono akidai mimi ndiye mwoga.

Athini, mji wao mkuu, tulilala siku chache kwa mpwa wake. Watu wakarimu, lakini hawajui kunyamaza. Nikaonyeshwa nguzo za mawe meupe juu ya kilima, na kichwa cha jiwe cha tabibu mmoja wa kale. Nikauliza ni nani. Bibi Eleni akasema ni Bukrati. Jamani! Marehemu baba kila alipochanganya dawa zake alikuwa akisema, "Bukrati kasema, Jalinusi kasema," nami miaka yote nikidhani ni wazee wa kijiji cha Vanga.

Kutoka Athini basi lilipita mashamba ya michungwa hadi Epidauro. Zamani wagonjwa walipelekwa huko kutafuta afya, na kando ya mahali pa tiba Wayunani walijenga ukumbi mkubwa usio na dari, wa kuimbia na kuigizia. Kwao mtu alitibiwa kupitia masikio pia. Ngazi za mawe zimepanda mlima kwa nusu duara, safu juu ya safu. Bibi Eleni akaniamuru nipande hadi juu kabisa. Nilipanda nikinung'unika, maana mimi si mbuzi.

Nilipofika juu nikageuka. Yeye kule chini, amesimama katikati ya duara, mdogo kama kuku. Akasema, wala hakupaza sauti:

"Funga kiatu, mwanangu, utaanguka."

Nikatazama nyuma yangu, nikidhani kuna mtu. Kisha nikakaa juu ya jiwe nikalia, kwa kuwa nilimkumbuka Mama.

Niliposhuka akanieleza. Walipima mwinamo wa mlima, kila safu ipande kiasi kwamba kichwa cha mbele kisizibe sikio la nyuma, na jiwe gumu likairudisha sauti badala ya kuimeza; na ya juu hushuka vilevile. Pale mmoja alianza na kundi likaitikia. Nikamwambia hivyo ndivyo tufanyavyo sisi.

"Ndivyo," akasema, "ila nyinyi mwasimama pahali tambarare, mkaiziba sauti ya mamako kwa vichwa na maleso."

Bibi Eleni alibaki kwao. Tuliagana uwanja wa ndege, akinitukana ili asilie.

Likoni, siku ya pili baada ya kurudi, niliwapeleka wanawake kwenye timbo la zamani, walikokuwa wakikata mawe ya matumbawe. Wakataji walishuka kidogo kidogo, wakaacha ngazi kubwa upande mmoja. Bi Rukia akasema harusi shimoni hajapata kuona, labda mazishi. Mama akashuka hadi chini, akageuka akazitazama ngazi.

"Fagieni," akasema.

Siku ya vugo, baada ya alasiri, ngazi zilijaa. Bi Rukia alipanda hadi ya juu kabisa, makusudi, aje ashuhudie kwamba hakuna kinachosikika. Nikaenda kukaa naye. Mama alisimama chini peke yake, akajitanda leso, akaanza.

Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu mzima, yenye mkwaruzo. Ikapanda ngazi moja baada ya nyingine, ikatufikia nzima, hata pumzi yake kati ya maneno niliisikia. Pembe zilisahauliwa mikononi. Bi Rukia akajifuta macho kwa ncha ya leso, akaninong'oneza:

"Wallahi, ningekufa na kiburi changu bila kuyasikia haya."

Kule chini Mama alikatisha wimbo. Hakuinua hata uso.

"Hufi leo, Rukia," akasema. "Itikia."