Mahindi Yenye Meno

Pale kwenye taasisi ya utafiti walimwita Dokta Kesho, maana ukimuuliza udaktari wake utaisha lini, jibu ni lile lile: kesho. Mdomo huo! Nyumbani kwao mama yake alishajishonea gauni la kuvaa kwenye mahafali na kuwatangazia majirani wote.

Alichunguza ugonjwa wa mahindi, na data zake zilikuwa nyingi hadi kompyuta yake ndogo ikanyoosha mikono. Ikabidi atumie mtambo mkuu, makompyuta yaliyounganishwa kwenye chumba cha baridi kule chini, watafiti wote wakiyagombea. Mtambo ule hauna vipicha vya kubofya. Unauandikia maagizo mstari kwa mstari kwenye faili, yaani skripti, unatuma, unapanga foleni, kazi ikiisha unaletewa barua pepe. Kozi ya kuandika skripti ilitolewa bure. Dokta Kesho alihudhuria siku ya kwanza, akanywa chai, akaondoka.

"Mimi ni msomi bwana, si fundi kompyuta."

Haya. Jopo la wasimamizi wake likampa tarehe: alete matokeo, la sivyo ufadhili unakatwa, arudi kwao. Hapo ndipo msomi wetu alipomkumbuka jirani yake wa meza, mtafiti wa mbuzi.

"Dada yangu, niokoe. Nipe skripti yako."

"Chukua, kaka. Ila isome kwanza, ubadilishe palipo pangu."

"Hilo tu? Niachie mimi."

Akafuta jina la dada, akaweka lake, na udokta juu. Mengine hakuyagusa, atayagusaje na hayajui? Akatuma. Barua pepe ya kumaliza kazi hakuiona, akasema mtambo una kiburi. Lakini grafu akaikuta kwenye folda yake, mistari imepanda vizuri, akakibusu kioo cha kompyuta. Kuisoma, wapi!

Siku ya jopo alivaa suti, akasimama kifua mbele. "Waheshimiwa, mahindi ndiyo haya!"

Mwenyekiti, profesa mmoja mama asiyechekacheka ovyo, akavaa miwani. "Naona umeyagawa dume na jike."

"Ndiyo, Profesa. Mahindi yana ua dume na ua jike." Akajipongeza moyoni. Jamani, mtu huyu hana haya.

"Na hapa umeandika meno mawili, meno manne. Mahindi yako yana meno?"

"Hiyo ni... istilahi, Profesa."

Kule nyuma mtafiti wa mbuzi akainua simu yake. "Kaka, mtambo umeniletea mimi taarifa kwamba kazi yako imekwisha. Nilingoja uniulize, hukuniuliza."

"Fungua hiyo skripti," mwenyekiti akasema. "Tusomee kwa sauti, mstari kwa mstari."

Jina lake alilisoma vizuri sana. Mstari wa pili ulikuwa anwani ya dada. Wa tatu, folda ya mbuzi, wale wanaohesabiwa umri kwa meno. Wa nne hakuuelewa, akabaki anautazama huku watu wakiangalia viatu vyao. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na yake ilimvuka mbele ya jopo zima.

Ufadhili ukasimamishwa mpaka amalize ile kozi ya bure. Jioni mama akapiga simu.

"Mwanangu, gauni nilivae lini?"

Safari hii hakusema kesho. "Bado, Mama. Wamesema kwanza nijifunze kusoma."

"Kusoma? Sasa miaka yote hiyo ulikuwa unafanya nini huko?"