Salamu za Salum kutoka Ayalandi

Ukitaka kumfahamu Salum wa La Rochelle, mtaa wa kusini mwa Johannesburg, usimuulize habari za Tanga alikozaliwa. Hizo atakupa kwa maneno mawili matatu, kisha atarudi kwenye gofu. Na ukimuuliza ya gofu, hakikisha umeshakula, maana hutaondoka mapema. Salum ni kedi. Anabeba mfuko wa fimbo kwenye klabu moja ya kaskazini mwa Johannesburg, anatembea nyuma ya mchezaji, anamsakia mpira kwenye majani na kumnong'oneza fimbo ipi inafaa.

Shemeji yake Mahmoud, kaka wa mkewe, ana spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto na mdomo usio na breki. Kwake yeye kazi hiyo ilikuwa fedheha kwa ukoo mzima. "Mtu mzima na ndevu zake," alikuwa akisema, "anamfuata mwenzake juani kutwa nzima! Yule anapiga kampira, yeye kabeba kuni."

Mwenye hizo kuni ni Mzee Fintan, mgane aliyekuja Afrika Kusini kijana kujenga madaraja na kuzeekea hapo hapo. Watoto wake wako Australia. Anacheza vibaya, tuseme kweli, na kila mpira ukipotea analaumu upepo wa Johannesburg kwamba ni mdogo mno, haumfai mtu aliyejifunzia gofu Ayalandi. Kwao, kijiji cha Carrigmoyle, uwanja uko kando ya bahari, hauna mti hata mmoja. Mvua inakuja ubavuni, kondoo wanalala karibu na shimo, na upepo unaweza kukurudishia mpira miguuni kama mtoto aliyekataa kutumwa dukani. Salum aliyasikia hayo miaka na miaka hata akawa anausimulia uwanja ule kana kwamba kautengeneza yeye.

Mwaka huu mzee akasema anataka kucheza Carrigmoyle mara moja tu kabla magoti hayajamgomea, na mfuko wake haubebwi na mtu mwingine. Akashughulikia viza, akakata tiketi, zake na za Salum.

Hapo ndipo Salum alipofanya kosa. Kwa watu wetu, safari haiendwi kimya kimya. Salum aliaga mlango kwa mlango, kuanzia La Rochelle mpaka Bertrams, akiomba radhi kwa aliowakosea na hata kwa asiowajua. Uani kwake kukasomwa dua, kukaliwa pilau. Bi Tabia, mpangaji wa chumba cha pili na muuza vitumbua, akaagiza sweta la sufu. Na Mahmoud, wallahi Mahmoud yule yule, akasimama mbele za watu na kusema, "Shemeji yangu anakwenda Ulaya kikazi. Tumwombee." Salum alilia pale pale. Heshima hiyo alikuwa ameingoja tangu siku ya posa.

Ijumaa asubuhi, Juvénal, Mrundi wa chumba cha nyuma anayeendesha teksi, akampeleka uwanja wa ndege. Wakaagana. Salum akasimama na begi lake akimngoja mzee, na badala ya mzee ikaja simu kutoka klabuni. Mzee Fintan ameteleza bafuni, nyonga imevunjika, yuko hospitali anasubiri kupasuliwa. Safari hakuna.

Mtu mwenye akili angempigia Juvénal simu arudi na kumwambia, jamani, Mungu hakupenda. Lakini Salum alikuwa amekwisha ombewa! Angerudi na uso gani kwa watu ambao pilau lake bado halijashuka tumboni? Akangoja mpaka saa ya sala ya Ijumaa, wanaume wako msikitini, Bi Tabia yuko kwenye meza yake ya vitumbua, akajipenyeza chumbani kwake kama mwizi. Mkewe Mayasa alikuwa anakunja nguo. Aliruka kwa kishindo, akadhani ni mzimu.

"Siku chache tu," Salum akamsihi. "Muda wa safari ukiisha natokea na begi langu, basi."

"Baba Bushra," mkewe akasema, akimwita kwa jina la binti yao aliyeolewa Tanga, "mficha uchi hazai. Toka uwaambie watu."

Hakutoka. Maji alikwisha yavulia nguo. Tatizo la kwanza lilikuwa choo, maana choo cha nyumba ile kiko uani. Salum akawa anakwenda amevaa buibui na nikabu za mkewe, akitembea kwa mikogo ambayo Mayasa mwenyewe hajawahi kutembea. Bi Tabia akimsalimu, lile buibui linatikisa kichwa tu na kuharakisha.

"Mama Bushra kwa upweke!" Bi Tabia akamwambia Juvénal. "Mume kaondoka, na yeye sauti imemkauka. Tena naona kama amerefuka."

Tatizo la pili lilikuwa salamu. Bi Tabia alitaka kujua kama msafiri amefika, na kama hajafika, kwa nini watu wasikae matanga. Ikabidi Salum atume ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la wapangaji. Akaifunika feni kwa khanga, akaiwasha, akainama karibu nayo. "Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimefika Carrigmoyle. Upepo, wacheni! Hapa nilipo nimeshika kofia kwa mikono miwili."

Uani wakausikiliza ujumbe huo wote pamoja, hatua chache kutoka alipojificha, naye nyuma ya pazia akasikia sauti yake ikirudi. Walipenda mno. Wakaomba mwingine. Akawapa kondoo, akawapa mvua ya ubavuni. Walipoomba picha, akasema simu imeingia maji. "Eish, huyu jamaa ameona dunia," akasema Juvénal. Mahmoud akaanza kuja kila jioni kutoka Soweto, akikaa kwenye kiti cha plastiki na kumwambia kila apitaye, "Shemeji yangu huyo."

Salum alipaswa kufurahi, na siku ya kwanza alifurahi. Lakini kila ujumbe ukiisha, alibaki amekaa kitandani akimfikiria mzee. Aliyekuwa akimsimulia kondoo wale amelala peke yake hospitali, amepasuliwa nyonga, watoto ng'ambo ya bahari. Kumjulia hali mgonjwa si jambo la kuahirisha. Salum mwenyewe alikuwa wa kwanza kumsema mtu asiyekwenda. Angepiga simu, lakini kila aliposhika simu alijiuliza atamwambia nini mzee, kwamba haji kwa sababu yuko Ayalandi? Mayasa alijitolea kwenda. Salum akakataa, maana mzee hamjui, na tena buibui lilikuwa moja. Hamu ya kula ikamtoka. Usingizi nao ukamkimbia.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, uani kulijaa. Bi Tabia alikuwa na wageni, akitaka nao wasikie yule ndugu yetu aliyeko Ulaya. Akaweka simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaongeza sauti. Salum akajisikia akisema, "Huku kila mtu ananiuliza, huyu bwana wako anaendeleaje, nami nawaambia hajambo, nipo naye bega kwa bega."

Bega kwa bega! Salum hakungoja ujumbe uishe. Akavaa kanzu, akachukua kofia, akafungua mlango. Sauti yake kwenye ndoo ilikuwa bado inaelezea upepo.

Bi Tabia alipiga yowe. Juvénal akafanya ishara ya msalaba. "Lakini mimi mwenyewe nilimupeleka airport!" akasema, kama anayejitetea mahakamani. Mahmoud akainuka polepole kutoka kwenye kiti cha plastiki. Uso wake ulimuuma Salum kuliko chochote ambacho angeweza kusema, na akasema vilevile.

"Shemeji. Tumekuombea dua ya safari, na wewe umelala chumbani?"

"Mnicheke nikirudi," Salum akasema. "Mzee Fintan alianguka siku ile ile ya safari. Yuko hospitali wiki nzima, hana mtu, na mimi nimekaa humu naona haya. Nipisheni."

Alitegemea kicheko, au matusi. Badala yake Bi Tabia akashika kiuno. "Hana mtu? Mgonjwa amelala peke yake, na wewe uko hapa unatupulizia feni?" Akamgeukia Mayasa. "Na wewe ulikuwa unajua! Haya, uji uko wapi? Nani ana chupa ya chai ya kuwekea uji?" Habari ya Ayalandi ilikuwa imekwisha. Lililobaki ni aibu ya kumwacha mgonjwa peke yake, na hiyo ilikuwa ya nyumba nzima. Juvénal akawasha gari, na Mahmoud akaingia bila kumtazama shemeji yake, lakini akaingia.

Mzee Fintan alikuwa amelala ameelekea ukutani. Aliposikia miguu mingi akageuka, akaona kanzu, mabuibui na chupa ya uji, na katikati yake Salum. Hakutabasamu.

"Nilidhani hutakuja," akasema. "Nikasema, safari imekufa, basi na Salum naye kaenda zake. Sikukulaumu."

Wiki nzima Salum alikuwa anaikimbia aibu ya kuchekwa uani, kumbe hii ndiyo iliyokuwa ikimngoja, na iliuma kweli. Akavuta kiti, akaushika mkono wa mzee, akamweleza yote: pilau, dua, feni iliyofunikwa khanga. Alipofika kwenye buibui kitanda kikaanza kutikisika, na muuguzi akaja mbio akidhani ni maumivu. Ni maumivu kweli, kwa kuwa mzee alikuwa anacheka huku ameshika nyonga, akimsihi Salum anyamaze, kisha akimsihi arudie ile ya kwenda chooni. Kicheko kikaisha. Machozi yakaendelea kidogo, na Mahmoud, aliyekuwa amesimama mlangoni mikono nyuma, akasogea akamwekea mto vizuri.

Bi Tabia hajui Kiingereza na wala hakukihitaji. Akamwaga uji kwenye bakuli. "Mwambie afungue mdomo. Na mwambie kesho zamu ni yangu, keshokutwa ya Mahmoud, asubuhi Juvénal atapitia na chai."

Salum akatafsiri. Mzee akawatazama mmoja mmoja, kama anayejifunza majina.

"Na wewe?" akamuuliza.

"Mimi nipo," Salum akasema, akaanza kumlisha uji.